Kumsaidia Mtaalamu wa Chakula Aandike Habari Zake Mwenyewe

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Kilimo alikuja katika mkutano wa Chama cha Uandishi akiwa na ombi. Alisema ya kuwa vitabu vya somo lake vyaeleza vizuri jinsi mahindi yapandwavyo, yapaliliwavyo na kuwekwa ghalani, lakini hamna ndani yake sauti ya mtu hata mmoja aliyepata kuyaharibu. Alitaka watu wanaofanya kazi ya chakula karibu na shule yetu waandike, kila mtu kurasa mbili, habari za kazi yao: walitenda nini, waliona nini, na sasa wanafikiri nini juu ya mambo hayo. Sisi tungekuwa wasaidizi wao. Walioombwa walikuwa watano: Bwana Shamba wa kata, muuguzi wa zahanati, mpishi wetu mkuu, mtunza stoo, na mama mwenye mashine ya kusaga. Mimi nilipewa Bwana Shamba.

Nimeombwa nieleze hapa kazi hiyo ifanywavyo, maana muhula ujao wenzetu wa Kidato cha Tatu wataiendeleza, na wazazi wengine wameuliza kama nao wanaweza kuandika.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Mfumo wa chakula ni njia yote ambayo chakula hupita, tangu mbegu na mvua, kupitia jembe, ghala, gari, soko, mashine na jiko, hata sahani na mabaki yatupwayo. Kila mtaalamu husimama mahali pamoja tu pa njia hiyo. Bwana Shamba huyaona mahindi yakiwa shambani. Muuguzi huyaona yakiwa yamekwisha kuwa mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyepesi. Mara chache sana watu hawa wawili hukutana, na hata wakikutana husalimiana tu. Ndiyo sababu maandishi yao yana thamani. Kila mmoja anajua kipande ambacho mwenzake hakijui.

Lakini kumwambia mtaalamu "andika" si kumsaidia. Bwana Shamba aliniletea karatasi yake ya kwanza baada ya siku tatu. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, nayo ilianza hivi: "Elimu ya hifadhi ya mazao ilitolewa kwa wakulima 64. Wakulima walihamasika. Changamoto zilijitokeza kutokana na hali ya hewa." Iliendelea hivyo mpaka chini. Nilipoimaliza sikuona mtu ndani yake. Elimu ilitolewa na nani? Walihamasika kufanya nini? Na hizo changamoto zilikuwa na sura gani: mvua, panya, wizi, au deni?

Hapa wapenzi wa sarufi watafurahi, maana kosa lenyewe ni la sarufi. Kauli ya kutendwa ni mlango mzuri wa kutokea. Mtu akisema "elimu ilitolewa" amekwisha kutoka chumbani. Akisema "niliwafundisha", yumo bado, nasi twaweza kumwuliza alifundisha nini. Simlaumu Bwana Shamba. Miaka yote amefundishwa kuandika taarifa kwa wakubwa wake, na taarifa haitaki kujua kama mwandishi alilala usiku au hakulala. Ni kazi halali na ina mahali pake. Ila si kazi tuliyomwomba.

Basi nikafanya kosa langu la kwanza. Nilidhani anayekosa ni mwenye maneno mazuri, nikamwandikia methali tatu na tamathali kadhaa za kuipamba karatasi yake. Aliisoma, akaniangalia, akasema, "Kijana, haya ni yako." Akanirudishia. Niliona haya sana, lakini alisema kweli. Msaidizi akianza kwa kutia maneno yake humfukuza mwenye habari.

Siku ya pili nilimkuta nyuma ya ofisi akisafisha cheni ya pikipiki. Nilimwamkia, nikachutama karibu yake, nikashika tambara. Sikuuliza habari za hifadhi ya mazao. Nilimwuliza, "Mzee, katika wale wakulima 64, yuko mmoja ambaye mpaka leo unakumbuka magunia yake?" Alikaa kimya mpaka cheni ikaisha. Kisha akasema, "Yuko mama mmoja."

Nawashauri wasaidizi wenzangu washike jambo hili kabla ya mengine. Mtaalamu akiulizwa juu ya wakulima atajibu kwa taarifa; akiulizwa juu ya gunia moja atajibu kwa habari. Tena afadhali kuuliza mikono yake ikiwa na kazi kuliko kumkalisha mezani mbele ya karatasi. Mpishi wetu hakusema neno la maana mpaka tulipomsaidia kuchambua maharage.

Habari yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Alipokuwa angali kijana kazini, katika kijiji kingine, wakulima walisumbuliwa mno na dumuzi. Mdudu huyo si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alionekana kwanza upande wa Tabora, karibu na mwaka 1980. Hula mahindi yakiwa hata kwenye magunzi, akaacha unga mtupu. Dawa yake inajulikana: pukuchua mapema, changanya nafaka na dawa ya unga, tia katika magunia, funga. Bwana Shamba alifundisha hivyo kwa bidii. Mwaka ule mvua za mwisho zilichelewa kuondoka, jua likawa la kubahatisha, lakini yeye aliwahimiza watu wapukuchue upesi kabla dumuzi hajaingia. Mama yule, ambaye ni mjane, alikuwa wa kwanza kutii. Magunia yake saba yalipangwa chumbani, na Bwana Shamba aliwaleta wengine wayatazame kama mfano.

Mwezi wa kumi magunia yalipofunguliwa hakukuwa na dumuzi hata mmoja. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, yana rangi ya kijani na harufu ya udongo wa kisimani.

Nilimwuliza, "Ulijuaje kwamba yalikuwa yamekauka?" Swali hili sikulipanga, bali lilizaa nusu ya karatasi yake. Alijibu kwamba hakujua, aliyatazama tu. Kisha akanieleza mambo ambayo twapaswa sote kuyajua. Mahindi ya kuwekwa ghalani yafaa yasizidi kiasi cha asilimia 13 ya maji. Wazee huyauma kwa meno na kusikiliza yanavyokatika. Njia nyingine ni ya chupa: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hata theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, nayo hayafai kufungwa. Chumvi ikibaki kavu chini ya chupa, yanafaa. Chupa na chumvi hazikosekani katika nyumba yoyote. Alisema, "Nilipigana na mdudu, nikasahau maji."

Sentensi hiyo sikuigusa. Iko katika karatasi yake kama alivyoisema.

Lakini mtaalamu hasimulii tu. Yampasa pia kueleza kwa nini jambo hilo ni kubwa, na hapo msaidizi hana budi kwenda maktaba. Tulisoma pamoja habari za sumukuvu, yaani sumu itokayo katika aina fulani za kuvu ziotazo juu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Dunia iliifahamu baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula kilichochanganywa karanga zenye kuvu. Sumu hii huharibu ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huweza kuua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Kwetu Tanzania, katika mwaka 2016, watu waliugua na wengine kufariki kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya ilipatwa na msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, sehemu za Makueni na Kitui: wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa.

Nilipoziona hesabu hizo nilitaka tuzitie mwanzoni, ili msomaji ashtuke. Bwana Shamba alikataa, akataka tuanze na magunia saba. Tulibishana kidogo, kwa heshima, na sasa naona alikuwa na haki, hasa kwa sababu ya jambo moja tulilolikuta katika habari za Kenya. Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na watu wazima 80 wa sehemu zile zile, wakawauliza namna walivyoyaweka mahindi yao. Waliona kwamba waliougua walikuwa zaidi wale waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Maana yake ni kwamba wachunguzi wenyewe walilijua jambo hilo kwa kumwuliza mtu mmoja mmoja juu ya chumba chake. Na kwa nini watu huweka mahindi ndani? Wengine huogopa wezi, hasa mwaka wa njaa. Mjane wetu aliweka ndani kwa sababu hiyo hiyo. Bwana Shamba hakuwahi kumwuliza, na jambo hili sasa limo katika karatasi yake.

Nije kwa wengine upesi. Muuguzi alikuwa na faida kuliko wote, kwani chuoni alifundishwa kuandika tafakari kwa kufuata mzunguko wa Gibbs, Mwingereza aliyeutoa mwaka 1988. Una hatua sita: eleza lililotokea, sema ulivyojisikia, pima uzuri na ubaya wake, chambua sababu, toa hitimisho, panga utakavyofanya siku nyingine. Ni ngazi nzuri kwa mtu asiyejua pa kuanzia. Lakini muuguzi aliijaza kama mtu ajazavyo fomu ya bima, na chini ya "ulivyojisikia" aliandika "vibaya". Msaidizi wake, msichana wa darasa letu, alimwomba aziache hatua zote na kusimulia mtoto mmoja tu, tangu mama alipoingia mlangoni mpaka alipotoka. Habari ile ikapata uhai, na hatua sita zikaonekana zimo ndani bila kuitwa. Nadhani ngazi ni ya kupandia. Ukishafika darini huna haja ya kutembea nayo.

Mpishi alisema hana mazoea ya kuandika kurasa mbili. Alisema, nasi tukaandika kama alivyosema, kisha tukamsomea mara mbili. Ametueleza jinsi anavyolijua gunia baya kwa harufu ya mvuke wa kwanza, kabla sufuria haijachemka. Mama wa mashine aliandika ukurasa mmoja akachoka. Ukurasa huo unatosha. Mtunza stoo alikataa kabisa. Alisema mambo ya stoo huandikwa katika leja tu. Wengine wetu walitaka kumshawishi tena, lakini Mwalimu alitukataza, maana tafakari ya kulazimishwa hugeuka kuwa taarifa, au uongo.

Sasa nieleze kosa langu la pili, lililo baya kuliko la methali.

Karatasi ya Bwana Shamba ilikuwa na aya moja karibu na mwisho. Katika mwezi wa kwanza, wakati wa njaa, alipita nyumbani kwa yule mjane katika mizunguko yake. Kama ilivyo desturi, alikaribishwa chakula. Aliletewa ugali, naye aliijua harufu kabla ya sahani kufika. Mama alikuwa ameyachambua mahindi, akayaosha, akayaanika upya, akayasaga, kwa kuwa hakuwa na mengine. Watoto wawili walikuwa wakila pembeni. Yeye alikuwa mtaalamu. Alijua angalau kwamba mahindi ya namna ile hayafai kuliwa. Aliandika: "Nilinawa, nikala tonge tatu, nikashukuru, nikaondoka. Sikusema neno. Niliona haya kumwambia kwamba chakula alichonipa ni kazi yangu."

Niliifuta aya hiyo. Niliona itamvunjia heshima mbele ya wanafunzi, tena yeye ni mtu mzima kama baba yangu. Nikaandika mahali pake ya kuwa mkulima alishauriwa kutotumia mahindi yaliyoharibika. Yaani mimi, niliyemcheka kwa kauli ya kutendwa, nilikimbilia kauli hiyo hiyo, tena kwa kusema uongo, maana hakumshauri.

Aliposoma nakala safi hakukasirika. Alichukua kalamu, akaurudisha mstari mmoja mmoja kutoka kichwani. Akasema, "Ukiitoa hii, mwanangu, hakuna haja ya kuandika zile nyingine. Kila mtu wa kazi yangu anajua kukausha mahindi. Tusilolijua ni kurudi kwa mtu na kumwambia, nilikosea."

Kwa hiyo wasaidizi na washike kalamu zao mbali na mahali panapouma. Yako mambo ambayo msaidizi ana haki ya kuyagusa: tahajia, mpango wa aya, tarehe, na ukweli wa mambo ya sayansi. Bwana Shamba alikuwa ameandika kwamba mahindi yakichemshwa sana sumu hufa, nasi tulilisahihisha kwa vitabu, akakubali. Majina ya watu na vijiji tuliyaondoa yote. Lakini kumpunguzia mtu kosa lake bila ruhusa yake si usahihishaji.

Liko swali jingine ambalo sikuliwaza mpaka Mwalimu aliponiuliza: habari hii ni ya Bwana Shamba peke yake? Magunia yalikuwa ya mama, nyumba ni yake, watoto ni wake, na hata jina likifichwa, wa kijijini kwake watamjua. Basi Bwana Shamba alisafiri Jumamosi moja kwa pikipiki, akampelekea. Alimsomea yote, pamoja na tonge tatu. Mimi sikuwapo, naandika alivyonieleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watoto wataisoma shuleni, akaambiwa ndiyo. Akasema hana ubaya, ila kuna kitu hakimo.

Alisema kwamba siku ile ya kufunga magunia alijua kuwa mahindi ni mabichi. Aliuma punje mbili, hazikukatika. Alinyamaza kwa kuwa Bwana Shamba alikuwa na daftari, na watu walikuwa wamekuja kutazama.

Bwana Shamba aliyaandika maneno hayo pale pale, kwa mkono wake, nayo ndiyo aya ya mwisho ya karatasi. Hatukuyaongezea kitu. Aliniambia pia kwamba siku hizi, kabla ya kufundisha, huwapa punje wanawake waliokaa nyuma waziume, kisha huuliza wanasemaje, na chupa ya chumvi huitoa baadaye.

Karatasi nne zimekwisha kupigwa chapa, nazo ziko maktaba katika jalada la Kilimo. Atakaye kuzisoma amwombe mkutubi. Ya muuguzi ina ukurasa mmoja bado, kwa kuwa amesema mama wa yule mtoto naye apelekewe kwanza. Wenzetu wa Kidato cha Tatu watakaoshika kazi hii waje kwangu kabla ya mitihani niwape orodha ya maswali tuliyotumia. Lile la magunia nimelipigia mstari.